Vyeti Vilivyopigwa Pasi

Dobi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, tena usio na dawa: hakuweza kuona mkunjo akaunyamazia. Gazeti alilinyoosha kwanza ndipo alisome. Akienda kutoa pole msibani, mdomo ulikuwa unasema maneno ya huzuni huku macho yakikagua kola za waombolezaji. Mkewe, aliyekuwa akipokea nguo za wateja pale dirishani, alishachoka kumsema. "Huyu bwana," alikuwa akiwaambia watu, "siku ya kufa kwake ataamka kidogo ainyooshe sanda, kisha alale tena."

Watu walicheka. Na yeye mwenyewe alicheka. Lakini asubuhi ile ya safari hakucheka mtu, maana ugonjwa huohuo ulikaribia kumkosesha mwanawe.

Mwanawe huyo ni kitinda mimba wao, na nyumbani walimwita Kitinda tu. Alijifunza kushika pasi kwenye meza ya babake, akashika vizuri, mpaka akapata kazi kwenye chumba cha kufulia cha meli ya kitalii. Ni meli kubwa kupita hoteli yoyote mliyowahi kuiona, na shuka zake peke yake zingefunika mtaa mzima. Tangu aondoke hajarudi. Kila mkataba ukikaribia kwisha ulishikana na mwingine, na wazazi wakabaki kumwona kwenye simu, uso wake ukikatikakatika na sauti ikija nyuma ya midomo.

Sasa basi, meli ikapangiwa kupita kwenye bandari ya mji wao, ichukue wageni, iwazungushe visiwani wiki nzima, kisha iwarudishe. Kampuni ikasema mfanyakazi mwenye sifa nzuri anaweza kuwaalika wazazi wake bure. Kitinda akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Na alikuwa na sababu: safari hiyo ikiisha, yeye anahamishiwa meli nyingine, kwenye bahari za mbali huko, na kurudi kwake haijulikani mwaka gani. Kushuka bandarini kuwasalimia haikuwezekana. Yalikuwepo maradhi ya kifua yaliyokuwa yakirukaruka kutoka meli hadi meli, na wafanyakazi walikatazwa kukanyaga nchi kavu. Ama wazazi wapande, ama wasimame nje ya uzio wampungie mkono, wasijue hata kama yule anayepunga kule juu ni wa kwao au ni wa wenzao.

Masharti yalikuwa mengi. Kitinda aliyatuma kwa sauti, na mamake akayasikiliza tena na tena mpaka akawa anayasema huku anapepeta mchele. Pasipoti isiyokaribia kwisha muda. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu kisiwa kimoja hakimruhusu mtu kushuka bila hiyo. Cheti cha kipimo cha yale maradhi ya kifua, kutoka kliniki inayotambulika, kipimo kiwe cha juzi au jana, si cha nyuma ya hapo. "Na msijipime nyumbani," Kitinda alisisitiza. "Vipimo hivyo hawavikubali, hata mkilia."

Wakafanya yote. Walichomwa sindano ya homa ya manjano mapema, mkono wa mama ukavimba akalalamika wiki nzima. Jumamosi, siku moja kabla ya safari, walikwenda kliniki, wakachokolewa pua kwa kijiti cha pamba, dobi akapiga chafya iliyomrudisha muuguzi nyuma. Majibu yakatoka: wote wawili wazima. Kamashine kadogo kakatema vyeti viwili, karatasi nyembamba zinazong'aa, kama zile risiti za dukani. Zilikuwa zinajiviringisha zenyewe. Ukizikunjua, zinajikunja.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Jumapili asubuhi mabegi yalikuwa mlangoni. Mama yumo bafuni, anaimba. Dobi amemaliza kunyoosha nguo zote za safari, hata leso, hata tai ambayo hakuwa na nia ya kuivaa. Pasi bado ina moto. Akatupa jicho mezani, akaviona vile vyeti vimejiviringisha juu ya pasipoti, na moyo ukamuuma. Watu wa meli watasemaje? Wazazi wa fundi wao wa pasi, wanakuja na makaratasi yaliyojisokota namna hii!

Si mjinga. Alipunguza moto mpaka kwenye alama ya hariri. Aliviweka pamoja, akavifunika kwa kitambaa chenye unyevu, akaipitisha pasi taratibu, kwa mkono mwepesi, mkono ambao haujawahi kuunguza hata uzi wa nguo ya mtu. Akainua kitambaa.

Vyeti vilikuwa vimenyooka vizuri sana. Na vilikuwa vyeusi tititi, kuanzia juu mpaka chini, bila herufi hata moja.

Bafuni wimbo ukakoma. Mama akatoka amejifunga kanga, akamkuta mumewe amesimama kama mtu aliyepigwa na umeme.

"Wewe, una nini?"

"Mke wangu, kwanza usipige kelele."

"Umefanya nini?"

"Nimesema usipige kelele."

Akasogea mezani, akaona. Kelele alizopiga, majirani walidhani ni mwizi.

"Karatasi! Umepiga pasi karatasi! Mungu wangu, nimeolewa na mtu gani mimi? Zile ni karatasi za joto, bwana! Zinaandikwa kwa joto!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ziliandikwa kwenye mashine!"

"Na mwanangu je? Nitamwambia nini mwanangu?"

Dobi alichomoa pasi ukutani. Alikaa kwenye kiti, akashika tama. Alitaka mkewe aendelee kumtukana, maana matusi yalikuwa afadhali kuliko jinsi alivyomwona sasa, amesimama katikati ya chumba, kanga kifuani, midomo inamcheza.

Walipiga simu kliniki, ikaita mpaka ikakatika. Walikwenda wenyewe kwa teksi, mabegi ndani, wakakuta kufuli mlangoni na mlinzi anakunywa chai. Jumapili hawafungui, alisema mlinzi. Kesho asubuhi na mapema. Kesho asubuhi na mapema meli itakuwa inaonekana na samaki tu.

"Turudi nyumbani?" dobi aliuliza.

"Nani arudi?" mkewe alisema. "Twende bandarini. Wakitufukuza, watufukuze tukiwa palepale. Sitajifukuza mwenyewe."

Ukumbi wa abiria ulikuwa mkubwa, una alama sakafuni za kuwaonyesha watu pa kusimama, na kupitia vioo vyake ulionekana ubavu mweupe wa meli. Dobi hakutaka kuutazama. Foleni ilisogea. Mezani alikaa afisa, dada wa makamo mwenye barakoa ya bluu, akawaelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, akapokea pasipoti, akapokea kadi za chanjo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Vyeti vya kipimo."

Dobi akavitoa kwenye bahasha. Afisa akavigeuza mbele, akavigeuza nyuma.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni vyeti, mwanangu. Tumepimwa jana. Wazima kabisa."

"Vimekuwaje?"

Dobi akaanza kuinyoosha bahasha kwa kiganja. Mkewe akamsaidia, kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni. "Amevipiga pasi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata afisa alikohoa ndani ya barakoa, mabega yakimtikisika. Alipojikusanya alivirudisha vile vyeti kwa upole.

"Poleni sana, wazazi wangu. Lakini siwezi kupitisha kitu kisichosomeka, hata nikitaka. Kuna chumba cha vipimo pale mwisho, kwa watu wenye matatizo ya vyeti. Nendeni sasa hivi, kabla ngazi haijaondolewa. Ila mnisikilize vizuri. Jibu la hapa ndilo la mwisho, hakuna kurudia ili upate unalolitaka. Na kila mtu na jibu lake. Akipita mmoja, anapanda mmoja."

Mama alimshukuru mara kumi njiani. Dobi aliburuta begi nyuma yake. Neno lile la mwisho lilikuwa limemkaa vibaya, kwa sababu alikuwa na kikohozi.

Si kikohozi cha jana wala juzi. Alianza kazi enzi za pasi za makaa, akivuta moshi asubuhi hadi jioni kwenye kibanda kisicho na dirisha, na kifua kilikuwa bado kinamdai. Mara nyingi kilitulia. Lakini akiwa na wasiwasi, kilimwamkia. Na leo wasiwasi ulikuwa tele.

"Kimeze," mkewe alimnong'oneza kwenye benchi la kusubiri.

"Nakimeza."

"Wakikuuliza una kikohozi, useme huna. Si uongo. Si kikohozi cha maradhi."

Akajikaza kisabuni. Machozi yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, abiria wa benchi la pili akahama. Kikohozi hakikutoka.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe ambalo, Mungu amsamehe, lilikuwa limekunjwa likiwa bichi. Dobi alijilazimisha kutazama ukutani. Daktari akawauliza maswali mmojammoja. Homa? Hapana. Kuumwa kichwa? Hapana. Kuishiwa pumzi? Hapana.

"Kikohozi?"

Mama akamfinya mumewe pajani. Alimfinya kwelikweli, kwa kucha.

Na dobi alikuwa tayari kusema hapana, neno lilishafika ulimini. Ila akamkumbuka Kitinda akisimulia jinsi wanavyolala kule chini ya meli, vitanda vya juu na chini, wasichana wanne kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha. Akajiuliza: je, ikiwa si moshi? Ikiwa tangu jana kimeingia kitu kingine, nami ndimi ninayempelekea? Hofu iliyomshika hapo ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kuachwa.

"Ninacho," alisema. "Cha siku nyingi. Nadhani ni cha moshi. Lakini mimi si daktari."

Mkewe akafumba macho. Daktari akaandika.

Wakachokolewa pua tena, mama kwanza, dobi baadaye. Vipande viwili vya plastiki vikalazwa mezani, na daktari akatega saa yake. Kusubiri kule, jamani, acheni tu. Nje king'ora cha meli kikalia, madirisha yakatetemeka.

"Mama, wewe huna kitu," daktari alisema hatimaye. "Unaweza kupanda."

"Na yeye?"

Daktari akainua kipande cha pili, akakigeuza kwenye mwanga. "Hiki hakikusoma. Ule mstari unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi haukutokea. Siwezi kusema anaumwa, siwezi kusema haumwi. Lazima nimpime upya."

"Afisa alisema hakuna kurudia!"

"Kurudia jibu, mama, hakuna. Hapa jibu bado halijapatikana."

Kipaza sauti kikatangaza: abiria wote waliokwisha kuruhusiwa waelekee kwenye ngazi. Afisa wa barakoa ya bluu akachungulia mlangoni. "Mama, kama umepita, twende. Ukibaki humu na anayesubiri jibu, utahesabika naye, na utapimwa upya na wewe."

Dobi akamtazama mkewe. Maisha yao yote ya ndoa walikuwa wakienda pamoja: msibani, sokoni, hospitali. Kwa hiyo alisubiri asikie lile alilokuwa na hakika atalisikia, kwamba kama huyu haendi, na mimi siendi.

"Mimi naenda," alisema mkewe.

"Eh?"

"Naenda, baba. Nikibaki, mtoto atatukosa sote wawili." Akachukua begi lake. Akaliacha tena, akamshika mumewe uso kwa mikono miwili. "Usinikasirikie. Na nikishatoka hapa sitageuka nyuma, maana nikigeuka sipandi."

Akatoka, na kweli hakugeuka.

Dobi alikasirika. Tuseme ukweli, alikasirika sana, kama dakika nzima hivi. Alimwita mkewe majina moyoni ambayo hajawahi kumwita kwa mdomo. Kisha hasira ikaisha, na chini yake akakuta kwamba yeye angekuwa ndiye aliyepita, angeondoka vilevile, tena mbio. Hapo akalia. Hakujificha, hakusingizia barakoa. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na alipolia kile kikohozi kikapata njia, kikatoka chote, mfululizo, mpaka daktari akamletea maji, kisha akamchokoa pua upya na kutega saa.

"Mzee, nipe kifua chako nikisikilize wakati tunasubiri."

Akamsikiliza mgongoni, akamsikiliza mbele. Akamwambia avute pumzi, aishikilie, aiachie. Kisha akarudi mezani, akainama juu ya kile kipande kipya cha plastiki. Aliinama muda mrefu mno.

"Sema tu, daktari," dobi alisema. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Sema tu."

"Kipimo kimesoma."

"Na kinasemaje?"

"Kinasema huna kitu, mzee wangu. Mzima. Na kifua hiki ni moshi wa zamani kweli, hakimwambukizi mtu, ingawa ukirudi safari uende hospitali wakakiangalie. Sasa mbona umekaa? Kimbia!"

Loo! Dobi alisimama akakosa pa kuweka mikono. Alimkumbatia daktari na koti lake lote lilivyo. Akachukua begi lake, akasahau barakoa, akarudi kuichukua, akasahau begi. Daktari akamtupia. Afisa wa barakoa ya bluu, aliyekwisha kupigiwa simu na daktari, alimwona anakuja mbio ukumbini, akapiga muhuri cheti kipya kabla hajafika mezani, akamsukumia mkononi.

"Usikikunje, baba! Wala usikinyooshe!"

Ngazi ya meli ilikuwa bado ipo, watu wawili wamesimama pembeni wakiwa tayari kuiondoa. Walimwona, wakasubiri. Alipanda akihema, na nafuu iliyokuwa imemjaa ilimfanya amsalimie kila mtu aliyempita, hata wale waliokuwa kwenye mabango ukutani.

Mkewe alikuwa palepale mlangoni pa meli. Wahudumu walikuwa wamembembeleza aende chumbani, amekataa katakata, begi amelikalia. Alipomwona mumewe aliinuka. Alimpiga kofi la bega, kisha akamshikilia shati kwa ngumi mbili na kulia humo kifuani.

Ndipo mlango wa wafanyakazi ukafunguliwa kwa kishindo, akatokea msichana mwenye sare ya bluu, mikono mikavu kwa sabuni, amepanda ngazi zote kwa miguu kwa sababu lifti ilichelewa. Kitinda alisimama. Akamtazama mama, akamtazama baba, akamtazama mama tena. Akafunika uso kwa viganja.

"Wote?" alisema. "Mko wote?"

"Tupo, mwanangu," dobi alisema. "Njoo."

Alikuja. Watatu wale walishikana pale mlangoni kiasi kwamba abiria walilazimika kupita kwa ubavu, na hakuna aliyewasogeza. Alikuwa amekonda, mama alisema. Amenenepa, baba alisema. Alikuwa ananukia sabuni na joto la pasi.

Walipoachiana, Kitinda aliwashika mikono wote wawili.

"Walinipigia simu kule chini," alisema. "Wakaniambia mzazi wangu mmoja amepita, mwingine amezuiwa. Hawakusema nani. Nikaacha mashine inazunguka, nikakimbia, na njia nzima nilikuwa naomba. Nikiomba Mungu aliyepita awe..." Akakatisha. Akawatazama kwa hofu. "Nilimtaja mmoja. Nilimtaja bila hata kufikiri, jina likanitoka tu. Kisha nikaona aibu, nikakaa kwenye ngazi nikalia."

Dobi alimtazama mkewe, mkewe akamtazama dobi. Kila mmoja alikuwa anataka kuuliza, na kila mmoja alikuwa anaogopa, na yote mawili yalikuwa wazi usoni.

Mama ndiye aliyeanza.

"Komea hapohapo," alisema, akimfuta bintiye machozi kwa ncha ya mtandio. "Usituambie leo, usituambie kesho, na sisi tukiwa wajinga tukakuuliza, usitujibu. Umeletewa wote. Haya, tuonyeshe chumba, miguu inaniuma."

Kitinda akacheka, akajipangusa, akachukua mabegi yote mawili na kutangulia kwenye ukumbi mrefu wenye zulia. Mzee na mkewe wakamfuata nyuma, taratibu, macho hayamtoki mgongoni.

"Ni mimi," dobi alinong'ona.

"Unaota wewe," mkewe alisema, akamshika mkono.